Tanaka Shozo: Mbunge aliyeacha kiti kuutetea mto uliouawa na shaba

Karibu na adhuhuri ya Desemba 10, 1901, msafara wa Mfalme Meiji wa Japani ulikuwa ukirejea kasri jijini Tokyo baada ya Mfalme kufungua kikao cha Bunge. Ghafla mzee mmoja mwenye ndevu alichomoka katika umati uliojipanga kandokando ya barabara, akakimbilia gari la kifalme huku ameinua barua mkononi. Askari mmoja wa farasi aligeuka kumzuia, farasi akateleza na kuanguka. Mzee naye akajikwaa. Kabla hajasimama polisi walikuwa wamekwisha kumkamata, na gari la Mfalme likapita bila kusimama.

Mzee huyo hakuwa mgeni kwa polisi wala kwa wakuu wa nchi. Alikuwa Tanaka Shozo, aliyekuwa na umri wa miaka 59, mtu aliyekaa bungeni kwa zaidi ya miaka kumi na kujiuzulu wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Kumkaribia Mfalme kwa namna ile kulihesabiwa kuwa kosa zito mno, na mwenyewe alijiandaa kwa kifo. Serikali, hata hivyo, ilitambua kwamba kesi ingempa jukwaa ambalo halijapata kuonekana. Ikaamua kumchukulia kuwa mzee aliyerukwa na akili, na jioni ya siku ile ile ikamwachilia.

Barua aliyotaka kuiwasilisha ilihusu mto, milima na mgodi wa shaba.

Tanaka, ambalo ndilo jina la ukoo, alizaliwa mwaka wa 1841 katika kijiji cha Konaka, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Sano katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, na Shozo aliurithi wadhifa huo akiwa bado hajatimiza miaka ishirini. Haukupita muda mrefu kabla ya kugombana na ukoo wa kikabaila wa Rokkaku uliomiliki eneo hilo, akiwatetea wakulima waliolemewa na kodi na kunyang'anywa desturi zao za kujichagulia viongozi. Mnamo 1868, mwaka ule ule utawala wa kikabaila ulipoporomoka nchini, alitiwa katika kijichumba ambamo mtu hakuweza kujinyoosha. Kwa kuhofia kutiliwa sumu katika chakula, alisimulia baadaye, aliishi kwa kuguguna samaki mkavu alioletewa kwa siri.

Alipotoka alikwenda kaskazini kutafuta kazi ya ukarani serikalini. Huko nako balaa lilimfuata. Mkubwa wake wa kazi aliuawa mwaka wa 1871, na lawama ikamwangukia Tanaka bila ushahidi wa maana. Alikaa gerezani karibu miaka mitatu, katika baridi iliyowaua baadhi ya wafungwa wenzake, hadi alipoachiliwa mwaka wa 1874. Ni katika kifungo hicho alikojisomea vitabu vya siasa na uchumi vilivyokuwa vimeanza kutafsiriwa kutoka lugha za Ulaya. Aliingia gerezani akiwa karani wa kijijini, akatoka akiwa mtu mwenye fikra za katiba na bunge.

Katika miaka iliyofuata alihariri gazeti la mkoa wake, akachaguliwa kuingia katika baraza la mkoa mwaka wa 1880, akapambana na gavana Mishima Michitsune aliyewalazimisha wanavijiji kujenga barabara bila malipo, akafungwa tena, kisha mwaka wa 1886 akawa mwenyekiti wa baraza lile lile. Japani ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa bunge mwaka wa 1890, watu wa Tochigi walimpeleka Tokyo. Ulikuwa mwaka wa mafuriko.

Ili kuyaelewa mafuriko hayo lazima kwanza kupanda milimani, hadi mahali panapoitwa Ashio, kwenye chemchemi za mto Watarase.

Shaba ilikuwa imechimbwa Ashio tangu mwanzoni mwa karne ya 17, lakini kufikia miaka ya 1870 mgodi ulikuwa umechakaa na wengi waliuona kama shimo tupu. Mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliununua mwaka wa 1877. Miaka michache baadaye wachimbaji wake waligundua mikondo mipya minono ya madini, na kabla ya muongo kwisha Ashio ikawa ndiyo mgodi mkubwa kuliko yote ya shaba nchini. Mwaka wa 1888 Furukawa alitia saini mkataba wa kuiuzia kampuni ya Uingereza ya Jardine Matheson tani 19,000 za shaba. Mwaka wa 1890 mgodi ulipata kituo chake cha umeme wa maji, wakati ambapo vijiji vingi vya Japani vilikuwa bado vinawasha taa za mafuta.

Serikali ilifurahi. Sera yake ya wakati huo ilikuwa kuitajirisha nchi na kuliimarisha jeshi, na shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizoleta fedha za kigeni za kununulia meli za kivita na mitambo. Kwa hiyo mgodi uliopanuka haukuulizwa maswali. Uliuziwa misitu ya serikali kwa bei nafuu, miti ikakatwa kwa ajili ya nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke na kwa ajili ya makaa ya matanuri. Mnamo 1887 moto mkubwa uliteketeza sehemu nyingine ya misitu hiyo. Miti iliyobaki ilimalizwa na moshi wenye gesi ya salfa dioksidi, ambao ulikuwa ukitua mabondeni kila siku na kugeuka asidi kila ulipokutana na mvua au umande.

Kijiji cha Matsuki, kilichokuwa juu ya matanuri, ndicho kilichoonja mapema. Miforosadi, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, ilikauka. Mazao yalifuata, kisha farasi na ng'ombe. Kufikia mwaka wa 1902 kijiji kilikuwa kimehamwa, na pale palipokuwa na mashamba pakabaki mawe na taka za mgodi.

Mlima usio na miti haushiki maji. Zamani Watarase ulipofurika, wakulima wa nyanda za chini hawakuhuzunika sana, maana maji yaliwaletea mboji ya misituni, na wengine walipanda bila mbolea nyingine. Sasa mvua ile ile ilishuka kwa kasi, ikikokota udongo uliowachwa uchi pamoja na taka za madini zilizorundikwa kando ya mto. Samaki ndio walioanza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1880 walionekana wakielea wamekufa, na wavuvi waliokuwa wakiishi kwa samaki aina ya ayu wakakosa riziki. Kisha mafuriko ya Agosti 1890 yakatapakaza tope lenye shaba na sumu nyingine juu ya maelfu ya hekta za mpunga na miforosadi. Mbegu zilizopandwa baada ya hapo zilioza ardhini au zikachipua na kunyauka.

Wakulima hawakukaa na dhana tupu. Walipeleka udongo wao kuchunguzwa, na mtaalamu wa kilimo Kozai Yoshinao wa chuo kikuu cha Tokyo akathibitisha kuwa kilichoua mimea yao kilikuwa shaba.

Mnamo Desemba 1891 Tanaka alisimama bungeni kwa mara ya kwanza kuuliza kuhusu jambo hilo. Hoja yake ilikuwa ya kisheria. Katiba ya mwaka wa 1889 ilikuwa imelinda mali ya raia, na sheria ya migodi iliiruhusu serikali kufuta kibali cha mgodi unaodhuru umma. Kwa nini basi haikuifuata sheria yake yenyewe? Waziri wa Kilimo na Biashara alikuwa Mutsu Munemitsu, mwanasiasa mahiri ambaye mwanawe wa kiume alikuwa amechukuliwa na Furukawa kuwa mwana wa kupanga. Bunge lilivunjwa kabla waziri hajajibu. Jibu lilipotolewa lilisema kwamba chanzo cha madhara hakijajulikana kwa hakika, na kwamba hata hivyo mgodi ulikuwa unaagiza mitambo ya kunasa vumbi la madini kutoka Ujerumani na Marekani. Ukilisoma jibu hilo leo unashangaa jinsi linavyokana ugonjwa na papo hapo kuahidi dawa.

Kilichofuata kilikuwa hila ya fedha. Maofisa wa mkoa na wapatanishi walizunguka vijijini wakiwashawishi wakulima kupokea fidia ndogo na kutia saini kwamba hawatalalamika tena hadi Juni 1896, muda ambao mitambo ingekuwa imeonyesha matokeo. Wengine waliwekewa mikataba ya kunyamaza milele. Vita kati ya Japani na China vya 1894 na 1895 viliifanya shaba iwe adimu zaidi, na aliyeupinga mgodi alionekana kuipinga nchi.

Mafuriko ya mwaka wa 1896 yaliyaosha makubaliano hayo yote. Mto ulivunja kingo zake mara tatu kati ya Julai na Septemba, na maji yenye sumu yakafika hadi viunga vya Tokyo. Tanaka alianzisha ofisi ya wakulima katika hekalu la Unryuji kando ya mto, na kutoka hapo mwezi wa Machi 1897 maelfu yao waliondoka kwa miguu kwenda mji mkuu. Polisi waliwarudisha wengi njiani lakini mamia walifika. Waziri wa wakati huo, Enomoto Takeaki, alikwenda kujionea mashamba kwa macho yake, akarudi na kujiuzulu.

Hatimaye mnamo Mei 1897 serikali iliuagiza mgodi kuchimba mabwawa ya kutuliza tope na kujenga mnara wa kuondoa salfa katika moshi, yote ndani ya miezi michache, la sivyo ungefungwa. Furukawa alitii kwa haraka iliyowastaajabisha wengi. Mabwawa yalijengwa, mnara ukajengwa, na agizo likahesabiwa limetimizwa. Tatizo ni kwamba mnara haukuweza kuiondoa salfa, kwa kuwa ufundi wa wakati huo haukuwa umefikia hapo, na mabwawa yalifurika kila mvua ilipozidi. Hakuna aliyeujaribu ufanisi wake kwa dhati.

Msaada mwingine wa serikali uligeuka adhabu. Wenye mashamba yaliyoharibika walisamehewa kodi ya ardhi, jambo ambalo kwa juu juu lilikuwa la huruma. Lakini haki ya kupiga kura ilitegemea kiasi cha kodi ambacho mtu alilipa. Maelfu ya wakulima wakaondolewa katika daftari la wapigakura, na vijiji vilivyoumia zaidi vikapoteza sauti hata katika uchaguzi.

Tanaka mwenyewe alikuwa akizidi kuwa fukara. Mwaka wa 1899 wabunge walipojiongezea mshahara kutoka yeni 800 hadi 2,000 kwa mwaka, alipinga, na aliposhindwa akaukataa mshahara wote. Wenzake walimcheka kwa mavazi yake yaliyochakaa na nywele zisizochanwa.

Mnamo Februari 13, 1900 wakulima walifunga safari nyingine ya kwenda Tokyo. Mahali panapoitwa Kawamata, kwenye kivuko cha mto Tone, polisi walikuwa wakiwasubiri. Waliwapiga vibaya na kuwatawanya, na wakulima 51 wakafikishwa mahakamani kama wafanya ghasia. Tanaka, aliyekuwa bungeni wakati huo, alijitoa katika chama chake ili asije akaambiwa anatafuta faida ya kisiasa. Siku chache baadaye alitoa hotuba ambayo ndiyo inayokumbukwa zaidi Japani, akieleza kwamba serikali inayowaua watu wake inaiua nchi, na inayofanya hivyo bila kujua imekwisha kuangamia. Waziri Mkuu Yamagata Aritomo alijibu kwa maandishi mafupi kwamba maana ya swali haikueleweka na hivyo halingejibiwa.

Kesi ya wakulima ilivutwa kwa karibu miaka mitatu hadi ikafutwa kwa sababu ya kasoro katika hati ya mashtaka. Wakati mmoja Tanaka, akisikiliza maneno marefu ya kiongozi wa mashtaka, alipiga mwayo kwa sauti. Alishtakiwa kwa kumdharau ofisa wa serikali na mwaka wa 1902 akafungwa takriban siku arobaini. Humo gerezani alisoma Biblia, ambayo hakuiacha tena ingawa hakuwahi kubatizwa.

Kati ya mambo hayo mawili, yaani hotuba na kifungo hicho, ndipo ilipotokea siku ile ya gari la Mfalme. Tanaka alikuwa amekata tamaa na Bunge. Alijiuzulu mnamo Oktoba 1901, akamwomba mwandishi wa habari Kotoku Shusui amwandalie barua kwa lugha iliyofaa mbele ya Mfalme, kisha yeye mwenyewe akairekebisha na kuipiga mihuri penye masahihisho. Haikumfikia Mfalme Meiji. Magazeti yaliichapisha, wanafunzi wa vyuo vya Tokyo wakaandamana kwa mamia kwenda kuyaona mashamba, na michango ya chakula na nguo ikamiminika vijijini. Kotoku alinyongwa mwaka wa 1911 katika kesi nyingine ya kisiasa. Barua yenyewe ilihifadhiwa, na mnamo Mei 2014 ilionyeshwa kwa Mfalme Akihito, kitukuu cha Meiji, alipoutembelea mji wa Sano.

Msukosuko huo uliilazimisha serikali kuunda tume nyingine mwaka wa 1902. Tume haikuufunga mgodi. Ilisema sumu iliyokuwa mashambani ilikuwa masalia ya miaka ya kabla ya agizo la 1897, na ikageuza mjadala wa sumu kuwa mjadala wa mafuriko. Kilichohitajika, ilisema, ni bonde kubwa la kuzuia maji ya mto. Mahali palipochaguliwa ni kijiji cha Yanaka, chenye kaya zipatazo 450, pale Watarase unapokaribia kuungana na Tone. Ajabu ni kwamba Yanaka hakikuwa kimekosa lolote isipokuwa kuwa miongoni mwa vijiji vilivyopiga kelele zaidi.

Tanaka alihamia Yanaka mwaka wa 1904 akiwa na miaka 62. Mwishoni mwa mwaka huo baraza la mkoa lilipitisha fedha za kukinunua kijiji katika kikao cha usiku kilichofungwa kwa umma. Kingo zilizobomoka hazikukarabatiwa, na wanakijiji walipozijenga wenyewe mkoa ulizibomoa. Kaya moja baada ya nyingine ilichukua fidia na kuondoka. Mnamo Julai 1906 kijiji kilifutwa kisheria. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Hara Takashi, ambaye hadi mapema mwaka huo alikuwa naibu mkuu wa kampuni ya Furukawa.

Kaya 16 zilikataa katakata. Kati ya Juni 29 na Julai 5, 1907 maofisa na polisi walizibomoa nyumba zao, moja moja, huku mvua za msimu zikiwa zimeanza. Tanaka alikwenda kutoka nyumba hadi nyumba akiwasihi wenyeji wasiinue mikono. Hawakuinua. Wala hawakuondoka: walijenga vibanda vya matete juu ya vifusi na kuendelea kuishi humo kwa miaka. Baadhi ya waliohamishwa kutoka bondeni walipelekwa mwaka wa 1911 hadi Saroma katika kisiwa cha Hokkaido, wakakuta msitu mnene na theluji.

Hapa ndipo Tanaka alipobadilika kwa namna ambayo watafiti wa siku hizi wanaithamini kuliko hotuba zake za bungeni. Alianza kukiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha wakulima badala ya kujifunza kwao. Akiwa na kofia ya majani na fimbo, mzee huyu alizunguka kwa miguu katika mabonde ya Watarase na Tone, akipima vina vya maji, akiwauliza wenyeji mafuriko yalifika wapi mwaka gani, na kuandika kila alichosikia. Alifikia hitimisho kwamba serikali ilikuwa imeubana mto Tone mahali panapoitwa Sekiyado ili kuikinga Tokyo na maji machafu, na kwamba maji yaliyokosa njia ndiyo yaliyorudi nyuma na kuzamisha vijiji. Dawa, kwa maoni yake, ilikuwa kuirudishia milima misitu na kuuacha mto ufuate njia yake, kwa kuwa anayeushurutisha mto huwasukumia wengine mafuriko yake.

Katikati ya ziara hizo, Agosti 1913, alianguka mgonjwa nyumbani kwa mkulima mmoja aliyemhifadhi. Alikuwa na saratani ya tumbo. Aliaga dunia mnamo Septemba 4, 1913. Mashamba ya familia yake yalikuwa yamekwisha kwa mapambano, na kilichokutwa kando ya kitanda kilikuwa kofia yake na mkoba mmoja. Ndani yake mlikuwa na Agano Jipya, Katiba ya nchi iliyofungwa pamoja na Injili ya Mathayo, daftari za kumbukumbu, mswada usiokamilika kuhusu mito, karatasi laini na vijiwe vichache alivyookota njiani. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi mwezi wa Oktoba. Vijiji viligombea mabaki yake, mwishowe yakagawanywa na kuzikwa mahali kadhaa katika bonde la mto.

Mgodi ulimwishi kwa miaka 60. Matanuri ya Ashio hayakupata ufundi wa kuinasa salfa ipasavyo hadi mwaka wa 1956. Mwaka wa 1958 lundo la taka za mgodi katika bonde la Gengorozawa liliporomoka na kutia sumu mashamba ya mpunga ya Morita, na wakulima wa huko wakaanza upya madai ambayo babu zao waliyaacha. Uchimbaji ulikoma mwaka wa 1973. Mwaka uliofuata, 1974, tume ya serikali ya usuluhishi iliifanya kampuni ya Furukawa ikubali kuwajibika na kuwalipa wakulima 971 yeni bilioni 1.55.

Yanaka sasa ni sehemu ya bwawa la kukinga mafuriko lenye ukubwa wa kilomita mraba 33, limejaa matete na ndege, na tangu 2012 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kimataifa. Makaburi ya kijiji yangali pale kati ya matete. Huko juu, katika milima ya Ashio, serikali na watu wa kujitolea wamekuwa wakipanda miti kwa miaka mingi. Kazi ni ngumu kwa kuwa udongo wenyewe ulikwisha kuteremka na maji, hivyo hulazimika kubebwa kutoka chini pamoja na mche.

Tetemeko kubwa la Machi 11, 2011 lilipoitikisa Japani, lundo lile la Gengorozawa liliporomoka tena na taka zikaingia mtoni. Maji ya Watarase yalipopimwa yalikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachoruhusiwa.